Kibeho, Kanungu, Medjugorje na ile orodha ya mapapa: mwongofu mpya ashike upi, aache upi

Tumsifu Yesu Kristo. Hii naiandika kwa ajili ya nyie mliopokelewa Pasaka iliyopita na nyie ambao bado mko kwenye mafundisho, maana naona mnaulizana pembeni baada ya Misa na wengi mnaona aibu kumfuata padre. Mimi nimetoka ulokoleni, nilikaa kule miaka kumi na moja, nikapokelewa Kanisani nikiwa mtu mzima na watoto wawili, na katekista wetu alinifundisha vizuri sana, toharani nikaielewa, watakatifu nikawaelewa, Mama Maria ndo kabisa, lakini unabii hakuna aliyenigusia hata siku moja. Nilipata kipaimara usiku wa Pasaka, kufika Pentekoste simu imeshajaa. Msimamizi wangu ananitumia siri kumi za Medjugorje, kule Bosnia ambako watu wanasema Bikira Maria anawatokea, mama mmoja wa jumuiya ananitumia unabii wa siku tatu za giza, eti dunia nzima itafunikwa na giza, kijana wa kwaya analeta orodha ya mapapa eti huyu ndo wa mwisho, alafu kuna kaka mmoja msomi pale parokiani ananiambia achana na hivyo vyote, Mkatoliki ana Biblia na Katekisimu basi. Na wote hao nawaheshimu, wote wananizidi miaka Kanisani, sasa unamsikiliza nani?

Nilichofanya nikavipanga ubavu kwa ubavu, huu na huu, nani kaupokea, nani kaukataa, ulidai nini kwa watu, ulizaa nini, na ilinichukua zaidi ya mwaka. Nawapa hapa nilichokipata, na naomba msiruke kipande cha Kanungu kwa sababu pale watu wamekufa.

Ila kwanza hili. Kule nilikotoka mtumishi akisema "Bwana ameniambia" ndo imeisha, neno lake linaamua uolewe na nani, uhame nyumba gani, usimpigie simu mama yako mzazi kwa sababu ndiye kakufunga. Ukitoka kule ukaja huku unakuja na mazoea yale yale, unaona kama jina tu limebadilika, badala ya nabii ni mwonaji, yaani mtu anayesema Bikira Maria au Yesu anamtokea. Sivyo. Kanisa linafundisha kwamba Mungu ameshasema yote katika Mwanae, hakuna ufunuo mwingine wa hadhara wa kusubiri mpaka Kristo atakaporudi, na haya matokeo, yaani Bikira Maria kumtokea mtu, na jumbe zote, hata zile zilizokubaliwa, zinaitwa ufunuo wa binafsi. Katekisimu namba 67 inasema hazimo kwenye amana ya imani, kazi yake si kuongezea wala kukamilisha alichofunua Kristo bali kuwasaidia watu kuishi hicho alichofunua vizuri zaidi katika kipindi fulani. Na mwaka 2000, Vatikani ilipotoa ile siri ya tatu ya Fatima, kule Ureno ambako Bikira Maria aliwatokea watoto watatu, Kardinali Ratzinger ambaye baadaye ndo akawa Papa Benedikto XVI aliandika kwamba ufunuo wa namna hii ni msaada unaotolewa, mtu halazimiki kuutumia. Niliposoma hapo nilikaa chini. Yaani hata Fatima! Unaweza ukaungama, ukapokea, ukaishi vizuri na watu, ukafa Mkatoliki safi na hujawahi kushughulika na Fatima hata mara moja. Kwa mtu aliyetoka kwenye kutishwa na manabii hiyo ni kama kuvuliwa mzigo kichwani.

Kibeho na Kanungu

Naanza na hivi viwili kwa sababu ni vya majirani zetu na kwa nje vinafanana mno. Kibeho iko kusini mwa Rwanda, Kanungu iko kusini magharibi mwa Uganda. Vyote vilianza miaka ya 80, kote kuna wanawake wanaosema wamemwona Bikira Maria, kote ujumbe ni toba, rozari, kurudi kwa Mungu kabla mabaya hayajafika. Kama ungekuwa mwongofu mpya mwaka 1990 na mtu akakuletea habari zote mbili kwa siku moja, usingejua upi ni upi. Mimi nisingejua.

Kibeho ilianza tarehe 28 Novemba 1981 bwaloni, shule ya bweni ya wasichana, mwanafunzi mmoja anaitwa Alphonsine Mumureke alikuwa anawahudumia wenzake chakula akasikia anaitwa, na aliyemtokea akajitambulisha kuwa Nyina wa Jambo, yaani Mama wa Neno. Wenzake wakamcheka, wengine wakasema mapepo. Aliyempinga kuliko wote alikuwa Marie Claire Mukangango, na huyo huyo Machi 1982 akatokewa yeye mwenyewe, katikati yao akiwepo Nathalie Mukamazimpaka. Sasa angalieni askofu alifanya nini. Askofu wa Butare Jean-Baptiste Gahamanyi hakuwapandisha madhabahuni na hakuwafukuza shule, mwaka huo huo 1982 aliunda tume mbili, moja ya madaktari na moja ya wanateolojia, wakawachunguza wale mabinti miaka na miaka. Ibada ya hadhara pale mahali akairuhusu tarehe 15 Agosti 1988. Hukumu yenyewe ilitolewa tarehe 29 Juni 2001 na Askofu Augustin Misago wa Gikongoro, karibu miaka 20 tangu siku ile ya bwaloni. Na katika watu wengi waliodai kuona pale Kibeho aliwakubali hao watatu tu.

Kinachonigusa zaidi ni tarehe 15 Agosti 1982. Siku hiyo mabinti walilia sana mbele ya umati, wakasimulia mto wa damu, watu wanauana, maiti hazina wa kuzizika. Miaka 12 baadaye, 1994, yakatokea mauaji ya kimbari, maelfu waliuawa palepale Kibeho, kanisani kwenyewe, na Marie Claire naye aliuawa mwaka huo. Fikiria unabii unatimia namna ile, dunia nzima inaona, na bado Kanisa halikukurupuka likasubiri miaka mingine 7. Mimi ningekuwa askofu ningetangaza kesho yake. Ndo maana si mimi.

Kanungu sasa. Kule kulikuwa na Credonia Mwerinde aliyesema anatokewa na Mama Maria, na Joseph Kibwetere mtu mzima aliyeheshimika, na kulikuwa na padre kabisa, Dominic Kataribaabo, msomi. Nalisisitiza hili la padre kwa sababu waongofu wengi tunadhani akishakuwepo padre basi kitu ni cha Kanisa. Walijiita harakati ya kurudisha Amri Kumi za Mungu, na nani atakataa Amri Kumi? Lakini watu waliuza mashamba na mifugo wakakabidhi kila kitu, wakahamia kambini, wakakatazwa kuongea wakawa wanawasiliana kwa ishara za mikono eti wasije wakashuhudia uongo, wakatengwa na ndugu zao. Na walipewa tarehe, mwisho wa dunia ni 31 Desemba 1999. Januari ikafika jua likachomoza kama kawaida, watu wakaanza kuuliza mali zao ziko wapi. Tarehe 17 Machi 2000 mamia wakateketea ndani ya jengo lao la ibada milango na madirisha yakiwa yamefungwa, watoto wakiwemo wengi, na wiki zilizofuata zikachimbuliwa maiti nyingine mamia kwenye nyumba na viwanja vyao vingine.

Nimerudia kuvilinganisha hivi viwili mara nyingi na tofauti haiko kwenye maneno. Ukichukua karatasi ya huku na karatasi ya kule, zote zinasema tubuni. Tofauti ni kwamba Kibeho walikubali kuchunguzwa, walipimwa, walihojiwa, walisubiri, na maisha yaliendelea, wasichana waliendelea na shule, Alphonsine baadaye akawa mtawa. Hakuna aliyeambiwa auze shamba lake, hakuna aliyepewa tarehe ya mwisho wa dunia, na aliyetaka kuondoka aliondoka. Kanungu hakuna aliyeruhusiwa kupima, na mlango wa kutoka ulikuwa unazidi kuwa mwembamba kila mwaka mpaka siku ule mlango halisi ukafungwa. Kwa hiyo mtu akikuletea ujumbe usianze na swali la je ni kweli, hilo huna uwezo nalo, hata mimi sina. Uliza nani mwenye mamlaka ameupima, na uliza unaniomba nini. Ujumbe ukiomba sala na kitubio, sawa. Ukiomba akiba yako, ukimya wako, au umkimbie paroko wako, hapo toka, na usingoje kuaga.

Fatima na Medjugorje

Hapa nitapita haraka kidogo maana wengi mnazijua. Fatima, Ureno, watoto watatu, Mei 13 mpaka Oktoba 13 mwaka 1917, askofu wa Leiria akatamka mwaka 1930 kwamba yanastahili kusadikiwa, Francisco na Jacinta wametangazwa watakatifu 2017. Upande huo umetulia. Mtu anaweza kubishana kuhusu siri ya tatu kama yote ilitolewa au la, na kuna watu wamezeekea kwenye huo ubishi, mwongofu mpya usijiingize, Vatikani iliichapisha Juni 2000 na inatosha.

Medjugorje ndo inayochanganya, na nikiri hapa ndo nilitumia muda mwingi kuliko penginepo. Ilianza Juni 1981 kule Bosnia na Herzegovina, waonaji sita, na kwa miaka zaidi ya 40 mtu alikuwa anakwambia Kanisa limekubali, mwingine Kanisa limekataa, na wote wawili walikuwa wanakosea maana lilikuwa halijasema. Sasa limesema, tarehe 19 Septemba 2024, lakini limesema nini hasa? Limetoa nihil obstat, maana yake hakuna kizuizi, watu waende wakahiji wakaombe kwa sababu matunda mema yameonekana. Halijasema kwamba Bikira Maria kweli anatokea pale. Jumbe zenyewe waraka unataka ziitwe jumbe zinazodaiwa, na mahujaji wanashauriwa wasiende kwa ajili ya kuonana na hao waonaji. Na hili si la Medjugorje peke yake, tangu kanuni mpya za Mei 2024 Kanisa kwa kawaida halitamki tena kwamba jambo hili limetoka mbinguni, kuna ngazi sita, ya juu ni hiyo nihil obstat na ya chini kabisa ni tamko kwamba jambo si la kimungu.

Kwa hiyo ukiziweka pamoja, Fatima askofu alisema sadikini mkitaka, Medjugorje Kanisa limesema salini hapo mkitaka. Si kitu kimoja. Msimamizi wangu nilipomweleza hivyo aliniambia ni yale yale tu, nikamwambia mama si yale yale, mtu kukuruhusu kupita shambani kwake si sawa na kukuandikia hati. Kama unavutwa na Medjugorje na unaona inakupeleka kwenye kitubio, endelea kwa amani. Kama haikuvuti hujapungukiwa. Ila zile siri kumi ambazo hazijatolewa usizipangie maisha, kitu hakijafunuliwa wewe unakipangia nini.

Faustina na Amsterdam

Sasa hii jozi ndo iliyonigeuza kabisa na sioni watu wakiizungumzia, kwa sababu huku kote hukumu ilibadilika, moja kuelekea ndiyo na nyingine kuelekea hapana.

Rozari ya Huruma ya Mungu sote tunaisali saa tisa alasiri, iko kila jumuiya, picha iko kila nyumba. Wangapi wanajua kwamba kuanzia 1959 Vatikani ilipiga marufuku kusambaza ile picha na maandiko ya Sista Faustina, yule mtawa wa Poland ambaye ibada hii imetoka kwake, kwa namna alivyoyaeleza? Alikuwa ameshafariki tangu 1938 hawezi kujitetea. Marufuku ilidumu karibu miaka 20, ikaondolewa tarehe 15 Aprili 1978, na tarehe 30 Aprili 2000 Papa Yohane Paulo II akamtangaza mtakatifu. Na katika shajara yake mwenyewe Faustina alishaandika kwamba itafika wakati kazi hii itaonekana kama imebomolewa kabisa.

Upande wa pili, Amsterdam kule Uholanzi. Mwanamke anaitwa Ida Peerdeman alisema Bikira Maria anamtokea kama Mama wa Mataifa Yote, kuanzia 1945 mpaka 1959. Mwaka 2002 askofu wa pale akasema ni ya kimungu, sala yake ikasambaa dunia nzima, vikadi vilifika mpaka huku kwetu, na watu wema kabisa walisali. Julai 2024 Roma ikaweka wazi kwamba tangu 1974 ilikuwa imeshaamua kuwa si ya kimungu.

Sasa mfikirie Mkatoliki wa mwaka 1965 aliyesikia habari za Faustina, zikamgusa moyo, akaambiwa imekatazwa, akatii akaacha. Alipoteza nini? Huruma ya Mungu ilikuwepo kwenye kitubio kila Jumamosi, ilikuwepo kwenye Misa, ilikuwepo kwenye Injili ya mwana mpotevu. Hakukosa hata neema moja. Na mfikirie wa mwaka 2010 aliyeishika Amsterdam kwa roho yake yote, akawa anawaambia watu dunia itaangamia kanisa lisipotangaza hiki na hiki, leo anaambiwa hapana. Huyu ana kazi ngumu, na nimekutana na mmoja, alilia. Aliyesubiri hakupoteza kitu pande zote mbili. Na aliyeshika kwa mkono mwepesi, tayari kuachia akiambiwa aachie, naye hakupoteza. Aliyeumia ni aliyekuwa ameegemeza imani yake yote pale.

Hii ndo sababu siwaambii waongofu wapya wachague unabii wa kweli, nawaambia wachague kusubiri.

Orodha ya mapapa na siku tatu za giza

Hizi mbili naziweka kapu moja kwa sababu ndo zinazotumwa sana na ndo zinazotisha watoto.

Ile orodha inaitwa unabii wa Mtakatifu Malachy, na tafadhali si nabii Malaki wa Agano la Kale, nimesikia mtu akiitangaza hivyo kwenye jumuiya. Malachy alikuwa askofu wa Armagh huko Ireland, alifariki 1148 mikononi mwa Mtakatifu Bernardo, na Bernardo aliandika maisha yake yote na hakugusia unabii wowote wa mapapa. Orodha ikachomoza mwaka 1595, karibu miaka 450 baadaye, kwenye kitabu cha mmonaki Arnold Wion. Ina mafumbo 112, kila papa na fumbo lake, na cha ajabu mapapa wa kabla ya 1590 mafumbo yao yanawakaa kama nguo ya kupimiwa, wa baada ya hapo ni kuvutana vutana. Mwenye akili anaona hapo iliandikwa lini. Kuna hata fumbo linalosema "kutoka mji mkongwe", ambalo lingemkaa vizuri Kardinali Simoncelli wa Orvieto kwenye uchaguzi wa 1590, jina Orvieto lenyewe maana yake mji mkongwe, ndo maana wachunguzi wengine wanaona ilitungwa kumpigia debe. Hakuchaguliwa. Alafu ukihesabu, Benedikto XVI anakuwa wa 111 na wa mwisho ni "Petro wa Roma", watu wakambandika Papa Fransisko kwa nguvu zote. Papa Fransisko akafariki 21 Aprili 2025, tarehe 8 Mei tukampata Papa Leo XIV, dunia ipo. Na wale wale waliosema Fransisko ndo wa mwisho walihamishia kwa Leo bila kuomba radhi. Hii msipoteze nayo hata dakika.

Siku tatu za giza inahusishwa na Mwenyeheri Anna Maria Taigi wa Roma, mama wa familia aliyefariki 1837, akatangazwa mwenyeheri 1920. Alikuwa mwanamke mtakatifu kweli na napenda maisha yake, alilea watoto, alivumilia mume mgumu. Lakini Kanisa likimtangaza mtu mwenyeheri linasema aliishi fadhila, haliweki mhuri kwenye kila neno linalosemekana alilitamka. Najua dada mmoja aliyechukua ada ya muhula ya mwanae akanunua mishumaa ya nta ya nyuki iliyobarikiwa, boksi mbili, kwa mtu aliyemwambia mingine haitawaka siku hiyo. Mtoto akarudishwa nyumbani kwa ada. Mshumaa uliobarikiwa ni kitu kizuri, mmoja unatosha, na padre anaubariki bure.

Na kuna kundi la tatu nalitaja kwa kifupi, jumbe zinazosema Papa aliyepo si Papa. Kwa mfano zile za "Maria Divine Mercy" zilizotoka Ireland, Jimbo Kuu la Dublin lilishatamka mwaka 2014 kwamba hazina kibali na nyingi zinapingana na mafundisho ya Kanisa. Wewe umetoka mbali, wengine mmegombana na wazazi ili mfike kwenye meza ya Bwana pamoja na askofu na Papa, alafu mwezi wa tatu tangu upokelewe mtu anakwambia hiyo meza ni ya uongo. Hapana.

Basi nichague nani kati ya wale watu wa parokia yangu

Nimewaona wa aina tatu. Kuna anayemeza kila kinachotumwa, na uzuri wake ni kwamba anasali, kweli anasali kuliko wengi wetu, lakini kila baada ya miezi miwili anaishi kwa hofu mpya na ile ya zamani haifuti, na mwongofu mpya akimfuata huyu atajifunza kuogopa kabla hajajifunza kusali. Kuna yule kaka msomi anayekataa vyote, na uzuri wake hatapeliki, ila Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike "msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema", na yeye anatweza. Nilimuuliza kama amewahi kusoma kitu chochote cha Kibeho akasema hana haja, na anawacheka akina mama wanaokwenda kuhiji. Kumcheka mtu anayesali si akili.

Na kuna mzee mmoja wa parokia, mstaafu, huwa hachangii kwenye hizo hoja, ukimpa ujumbe anauliza "askofu amesemaje?", ukimjibu hajasema anasema "basi tusali tusubiri", ukimjibu amekubali anasema "haya nipe nisome". Nilidhani hana msimamo. Sasa hivi ndo namfuata huyo.

Ila nisiwadanganye kwamba kusubiri kuna ladha ile ile kwa kila mtu. Kama umetoka Uislamu au dini ya wazee na ulivutwa na Mama Maria mwenyewe, wapo waliovutwa hivyo, usijikaze kumkimbia ukidhani ndo ukomavu, chukua zile zilizotulia, Lourdes ya Ufaransa, Fatima, Kibeho, uzisome polepole. Kama umetoka ulokoleni kama mimi na mwili unatetemeka ukisikia neno unabii, mwaka mzima wa kwanza usifungue hata moja, kaa na Injili ya Dominika na kitubio, umpe mwili muda. Na kama wewe ni mtu wa kuogopa ogopa kwa asili, futa hizo klipu kabla hujalala, usiziangalie peke yako usiku, na uzipeleke kwa padre wako mmoja, si kwa mapadre watano wa mtandaoni.

Kuhusu kujibu wakubwa, maana hili mnaniuliza sana. Msimjibu mama wa jumuiya kama mnajibishana na rika lenu. Mimi naandika, "Shikamoo mama, nimeupata, asante kwa kunikumbuka. Je, mama, unajua ni askofu gani ameupitia?" Basi. Mara nyingi hajui, na mara nyingi anakwenda kuulizia, wawili wameshanirudia wenyewe wakaniambia wameacha kuusambaza. Usimfowadie mtu mwingine kabla hujapata jibu, hata kama mwisho umeandikwa utapata laana ukiukatiza, tena ikiwa na laana futa hapo hapo, Mama Maria hatishi wanae kwa namna hiyo.

Mimi sa hivi nina moja tu niliyoishika, Rozari ya Mateso Saba ya Mama Maria, ile Marie Claire aliyoagizwa kuieneza kule Kibeho, naisali Jumanne na Ijumaa. Msimamizi wangu bado ananitumia ujumbe wa Medjugorje kila tarehe 25, namjibu amina mama, nausoma, siusambazi. Ijumaa anakuja kwangu saa kumi na moja jioni akiwa na rozari yake ya kawaida, anahesabia mateso kwa vidole, na mwezi uliopita aliniomba nimtafutie yenye vituo saba.